Kitabu na Msomaji Asiyejulikana: Kutoka Wakfu wa Lamu Hadi Mtandao wa Intaneti

Mnamo Aprili 2001, Mmarekani aitwaye Ron Hornbaker alifungua katika intaneti tovuti iliyoitwa BookCrossing. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Mtu aliyekwisha kusoma kitabu alikiandikisha, akapewa namba, akaiandika namba hiyo ndani ya jalada pamoja na maelezo mafupi, kisha akakiacha kitabu mahali pa watu: kwenye benchi la bustani, katika stesheni ya garimoshi, juu ya meza ya mkahawa. Aliyekiokota aliombwa aingie katika tovuti, aitaje namba, aseme amekikuta wapi na amekionaje, kisha naye akiachilie. Mfano mmojawapo uliomwongoza mwanzilishi ulikuwa tovuti iliyofuatilia safari za noti za dola kwa namba zake. Mnamo 2004 neno lenyewe liliingizwa katika kamusi ya Concise Oxford, na vitabu vilivyoandikishwa tangu hapo vinahesabiwa kwa mamilioni.

Walioisifu tovuti hii waliiona kuwa jambo jipya kabisa. Ilidaiwa kwamba intaneti imewawezesha wasomaji wasiojuana kupeana vitabu, kana kwamba kabla yake kitabu kilitoka tu kwa mchapishaji kwenda kwa mnunuzi, au kwa rafiki kwenda kwa rafiki. Makala haya hayakubaliani na rai hiyo. Tunakusudia kuonyesha kwamba kumpa kitabu msomaji asiyejulikana ni tendo lenye historia ndefu, na kwamba katika mwambao wa Afrika Mashariki tendo hilo lilikuwa na kanuni zake, msamiati wake, na hata umbo lake la kifasihi. Aidha, tunadai kwamba kinachozitenganisha namna mbalimbali za kupokezana vitabu si chombo kilichotumika, kiwe kalamu ya mwanzi au tarakilishi. Kinachozitenganisha ni kile ambacho mtoaji anakiomba kwa mtu asiyemjua. Swali hilo linamhusu mhakiki moja kwa moja, kwa sababu sehemu kubwa ya fasihi ya kale ya Kiswahili imetufikia kutokana na jibu lake.

Kiswahili chenyewe kimetutangulia katika kulipambanua suala hili. Mtu hukopa fedha au unga, kwa kuwa atakacholipa ni mfano wa alichochukua. Lakini huazima kitabu, jembe au shuka, kwa kuwa kinachotarajiwa kurudi ni kile kile. Kuazimana kunadai kujuana. Asiyejulikana haazimwi kitu. Kwa yule asiyejulikana lugha ina neno jingine, nalo ni kusabilia. Maji ya sabili ni maji yaliyowekwa njiani kwa ajili ya yeyote apitaye. Aliyeyaweka hamjui anywaye, wala hangoji kumjua. Kitabu kilichoachwa kwenye benchi kwa utaratibu wa mwaka 2001 kinakaa baina ya maneno haya mawili. Kimesabiliwa, lakini aliyekisabilia angali anangoja habari zake.

Upo pia upande wa sheria, ambao aghalabu wahakiki huupuuza. Katika fikihi ya Kishafii, iliyofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, kitu kilichookotwa hakiwi mali ya mwokotaji papo hapo. Kikiwa na thamani, hana budi kukitangaza kwa muda wa mwaka mzima, huku akikitunza kama amana. Basi kitabu kilichoachwa mahali pa watu, kikiokotwa na mtu aliyelelewa katika sheria hiyo, si bahati bali ni mzigo. Ndiyo sababu kile kibandiko kinachomweleza mwokotaji kwamba kitabu hakikupotea si pambo la jalada. Ni maandishi ya kisheria, kwa kuwa yanaiondoa hukumu ya mali iliyopotea na kuweka nyingine mahali pake.

Wakfu nao ulihitaji maandishi ya namna hiyo. Aliyekiweka kitabu wakfu aliitoa milki yake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na kuyaacha manufaa yake kwa wasomaji. Kuanzia hapo kitabu hakiuzwi, hakitolewi hiba, hakirithiwi. Wanazuoni wa madhehebu mbalimbali walijadiliana kama kitu kinachohamishika chaweza kuwa wakfu sawa na shamba au kisima. Mashafii walikubali, mradi kitu hicho kiwe cha kutumika bila kumalizika. Kitabu kililitimiza sharti hili kuliko karibu kila kitu kingine nyumbani, kwa maana wasomaji kumi wakikisoma hakipungui neno. (Jalada, bila shaka, hupungua, na mchwa wa Lamu hawana madhehebu.)

Hapa inafaa kukumbuka neno chuo. Katika Kiswahili cha kale, hususan katika lahaja za kaskazini, chuo kilikuwa kitabu. Utendi maarufu wa Bwana Mwengo wa Pate, ambao mswada wake unaohusishwa na mwaka 1728 ni miongoni mwa miswada ya kale zaidi ya fasihi ya Kiswahili, uliitwa pia Chuo cha Herekali. Wingi wake, zuo, ndio uliotupa mwanazuoni, yaani mtu aliyemo katika vitabu. Chuo kama mahali pa kusomea kikabeba jina lile lile. Maana hizi mbili, kitabu na mahali pa wasomaji, zilikaa katika neno moja kwa sababu katika maisha zilikaa pamoja: kitabu kilikuwa mahali ambapo watu hukutana, wengine wakiwa wamekwisha kufa.

Mfano ulio bora wa wakfu wa vitabu katika Kenya ni hazina ya miswada ya msikiti wa Riyadha, Lamu. Msikiti huo unahusishwa na Habib Swaleh, aliyefariki mwaka 1936, na tangu mwanzo wake ulikuwa mahali pa kusomesha hata wale ambao mabwana wa mji hawakuwahesabu kuwa wanafunzi. Mwanahistoria wa Norwei, Anne Bang, aliyeichunguza miswada hiyo, ameonyesha kwamba iliingia Riyadha kwa njia kadhaa: kwa kunakiliwa pale pale, kwa kununuliwa, na kwa kuwekwa wakfu. Katika miswada ya namna hii, maandishi ya wakfu ni utanzu mdogo wenye kanuni zake. Humtaja mtoaji na wale ambao kitabu ni chao kukisoma, hukataza kuuza, na huomba dua. Mstari mmoja au miwili, basi. Lakini mistari hiyo inamwelekea mtu ambaye mwandishi hamjui na hatamwona, na inamdai jambo.

Tusiupambe wakfu kupita kiasi. Yule msomaji asiyejulikana hakuwa mtu yeyote tu. Mara nyingi alikuwa mwanafunzi wa kiume, Mwislamu, aliyekwisha kujua Kiarabu, na aliyekuwa tayari kukisomea kitabu pale kilipowekwa. Ukarimu wa wakfu ulikuwa na kuta. Hata hivyo, ndani ya kuta hizo ulivuka vizazi, jambo ambalo hakuna benchi la bustani lililowahi kulifanya.

Utendi ulisafiri kwa njia nyingine. Wakfu ulikifunga kitabu mahali pamoja, ilhali utendi ulienea kwa kunakiliwa: mtu aliuazima mswada, akaunakili, akaurudisha, na nakala yake ikaazimwa na mwingine. Baada ya hatua tatu au nne, mwenye nakala na mtunzi walikuwa wageni kabisa. Washairi walilijua hili, na walijikinga. Beti za kutamatisha katika tendi nyingi hutaja jina la mtunzi au la mwandishi, mwaka wa Hijria, na idadi ya beti. Walimu wengi huwafundisha wanafunzi kwamba hizi ni desturi za utanzu, kisha wakapita. Tuulize desturi hizo zilifanya kazi gani. Idadi ya beti ni kufuli. Msomaji aliye mbali, aliyepokea nakala kutoka kwa mtu aliyeipokea kwa mtu, aliweza kuhesabu na kujua kama kuna beti zilizodondoka njiani au zilizopachikwa. Tarehe na jina vilifanya kazi ambayo namba ya kuandikishia ilikuja kuifanya mwaka 2001: vilikiwezesha kitabu kujitambulisha kwa mgeni bila ya mwenyewe kuwapo. Baada ya hayo huja ombi, nalo mara nyingi ni dua.

Katika Utendi wa Mwana Kupona jambo hili linaonekana kwa namna ya kugusa moyo. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimuusia binti yake, Mwana Hashima. Hakuna utungo wa kale ulioelekezwa kwa mtu mmoja waziwazi kama huu: mama, mtoto, karatasi na wino. Lakini karibu na mwisho mtunzi anageuka. Anawaita wanawake wote wausome na wauelewe. Mgeuko huo umechukuliwa na baadhi ya wahakiki kuwa ishara kwamba wasia kwa binti ulikuwa kisingizio tu, na kwamba mtunzi alikusudia kuwafunza wanawake wa tabaka lake tangu mwanzo. Sidhani. Yaelekea zaidi kwamba aliijua njia ambayo karatasi hupita katika nyumba za Pate na Lamu. Utendi ukishatoka mikononi mwa Mwana Hashima kwenda kunakiliwa na shoga yake, hautarudi kuwa wa mtu mmoja. Mtunzi alimwandalia mgeni mahali pa kuketi kabla hajabisha hodi. Na wageni walikuja: utendi huu ulinakiliwa na kuazimwa baina ya wanawake hadi ukawa miongoni mwa tungo zilizojulikana mno katika visiwa vile, na mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakauchapisha Uingereza.

Hapo ndipo tunapokutana na mgeni wa aina nyingine. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wasomaji wa mbali waliozitaka nakala walikuwa wamishenari, maofisa na wataalamu wa lugha wa Ulaya. Huko Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alimkusanyia na kumwandikia W. E. Taylor tungo za Muyaka bin Haji, ambazo nyingi zilikuwa zimebaki vinywani mwa watu. Karatasi za Taylor zikaishia London, na kutokana nazo Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940, miaka mia moja baada ya kufa kwa mshairi. Huko Lamu, Muhamadi Kijuma, mshairi, mchongaji, mwanamuziki na mwandishi mwenye hati ya kupendeza, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia Werner, Hichens na Mjerumani Ernst Dammann tendi kwa makumi. Nakala hizo zimo leo katika hazina za London na za Ujerumani.

Ipo hoja, nayo husikika sana katika semina zetu, kwamba hivyo ndivyo mwambao ulivyoporwa vitabu vyake. Kwa baadhi ya miswada hoja hiyo ina nguvu. Kwa kazi ya Kijuma inahitaji kupigwa msasa. Kijuma hakutoa chuo cha babu yake; aliandika nakala mpya kwa ujira, na matini ikabaki Lamu kwa wale waliokuwa nayo. Ni kweli pia kwamba aliandika akijua msomaji wake ni nani, akawa mfasiri wa mji wake kwa watu wasiowahi kuukanyaga. Tatizo halikuwa kutoka kwa nakala, kwa sababu utendi umekuwa ukitoka tangu zamani. Tatizo lilikuwa kwamba safari ilikatika. Nakala iliyofika London haikunakiliwa tena na mkono mwingine. Iliwekwa kabatini, ikapewa namba, na kutokana nayo pakachapishwa matini moja iliyochukuliwa kuwa ndiyo sahihi. Nakala za Lamu zenye beti zilizohitilafiana zikaanza kuonekana kuwa na makosa. Hatimaye nakala nyingine zililiwa na unyevu na mchwa, na ile ya kabatini ikawa pekee. Mgeni wa Ulaya aliombwa ujira, akaulipa. Hakuombwa aipitishe mbele. Nani angalimwomba?

Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alipozunguka mwambao kuitafuta miswada kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo katalogi yake ilichapishwa mwaka 1970, alikuwa, kwa namna fulani, akijaribu kuiunga safari hiyo upya mahali palipo karibu zaidi na nyumbani.

Kuhusu maktaba za umma tutasema machache, kwa kuwa historia yake imekwisha kuandikwa na wenye taaluma hiyo. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931, kwa miongo ya kwanza ilimtambua msomaji asiyejulikana kwa sharti kwamba awe Mzungu. Shirika la East African Literature Bureau, lililoundwa mwaka 1948, lilipeleka masanduku ya vitabu mbali na miji na kuwaazima wasomaji kwa njia ya posta. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Taifa ikaanza kuwapakia ngamia vitabu huko Garissa. Katika hizi zote mgeni alisajiliwa kwanza, yaani alifanywa kuwa mtu anayejulikana, ndipo akaazimwa.

Tofauti kubwa zaidi iko katika vitabu vya msaada. Shirika lililoanzishwa na Lady Ranfurly mwaka 1954, ambalo tangu 1994 linaitwa Book Aid International, lilikusanya huko Uingereza vitabu vilivyokwisha kusomwa na kuvipeleka katika nchi nyingi, ikiwamo Kenya. Wengi wa rika langu tulijifunza kupenda kusoma kutokana na vitabu vya namna hii, na itakuwa utovu wa shukrani kusema vinginevyo. Lakini mhakiki hana budi kuuliza. Kitabu hicho kilitoka kwa mtu asiyetujua na hakikutuomba chochote: si dua, si habari, si hata kukipitisha kwa mwingine. Kilikuwa na mhuri wa zawadi, na mhuri haumsemeshi mtu. Kwa kuwa hakuna aliyetuuliza tumekionaje, hakuna aliyejua kwamba rafu nzima ilikuwa juu ya kutunza bustani za waridi katika nchi ya baridi. Shirika hilo baadaye lilijielekeza kwenye vitabu vipya na kushauriana na maktaba zinazovipokea. Badiliko hilo lenyewe ni ushahidi wa jambo tunalolisema.

Na vipo vitabu vya njiani. Yeyote aliyepita Tom Mboya Street jijini Nairobi amewaona wauzaji waliovitandaza vitabu vikuukuu juu ya magunia. Wenyeji huyaita maduka hayo inama, kwa kuwa mnunuzi sharti ainame. Hapo mkataba wa mtoaji na mpokeaji haupo, fedha imeufuta. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua hapo diwani ya mashairi ya Kiswahili kwa bei isiyozidi ya vikombe viwili vya chai. Ndani yake mlikuwa na mhuri wa shule moja, uliotamka kwamba kitabu hicho hakiuzwi. Chini ya mhuri yalikuwapo majina matatu ya wanafunzi, kila moja kwa hati yake na mwaka wake, na mbili za kwanza zilikuwa zimefutwa kwa mstari mmoja wa rula. Pambizoni, kando ya ubeti mgumu, mmoja wao alikuwa ameandika kwa penseli: *muulize mwalimu*. Jibu halikuandikwa.

Nilisimama pale nikiwa nimeshika, bila ya shaka, mali ya wizi, au ya uzembe. Maneno ya mhuri yalikuwa yale yale ya wakfu, ila hayakuwa na Mungu wala dua nyuma yake, na kwa hiyo hayakumzuia mtu. Hata hivyo ilikuwa nakala iliyonifunza zaidi kuliko ile safi niliyokuwa nayo nyumbani, kwa kuwa ilinionyesha mahali ambapo kijana wa kidato cha tatu alikwama. Ubeti huo nimeufundisha mara nyingi tangu siku ile, na kila mara naanza na swali la yule mtoto.

Sasa turejee BookCrossing. Baadhi ya waandishi waliishutumu kwa kuwapunguzia mirabaha, hoja ambayo mshairi yeyote wa Kenya ataielewa upesi. Lakini lililo muhimu zaidi kwa mjadala huu ni kwamba vitabu vingi vilivyoachiliwa havikurudisha neno. Viliokotwa, au vilinyeshewa, au vilitupwa na wafagiaji. Ukurasa wa kitabu katika tovuti ukabaki na ingizo moja tu, la mtoaji. Wakosoaji waliuhesabu ukimya huo kuwa kushindwa. Kwa kipimo cha tovuti yenyewe, ndivyo ulivyo, kwa kuwa kilichoombwa kilikuwa habari. Aliyeandika wakfu hakuweza kushindwa kwa njia hiyo. Dua iliyoombwa haikupaswa kumrudia yeye, wala hakuhitaji kujua kama iliombwa. Ukimya wa msomaji haukuharibu kitu. Nadhani hapa ndipo ilipo tofauti ya kweli baina ya mtoaji wa Lamu na yule wa Marekani, wala si intaneti: mmoja alitoa na kusahaulika, mwingine alitoa na kubaki dirishani.

Katika mwongo wa 2010 miswada ya Riyadha ilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, na picha zikawekwa katika intaneti zitazamwe na mtu yeyote. Kanuni ya mpango huo ni kwamba asili haziondoki nchini mwake. Hivyo maandishi ya wakfu yaliyomwelekea mwanafunzi wa mji mmoja yakaanza kusomwa na watu wa Oslo, Jakarta na Nairobi, ambao mwandishi hakuwahi kuwawazia. Je, picha ya kitabu cha wakfu nayo ni wakfu? Je, anayeitazama anadaiwa ile dua? Wanasheria watajibu la kwanza. La pili ni letu, na katika uhariri wa miswada yetu tumelikwepa kwa muda mrefu: tunachapisha utendi na kuyaacha maandishi ya pembeni, majina ya waliouazima, hesabu ya beti iliyosahihishwa na mkono mwingine, na ombi. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuanza hapo, na kazi ya miaka mitatu ingemtosha.

Mnamo Oktoba 2023 mifumo ya tarakilishi ya British Library ilishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni, na huduma zake nyingi zikafungwa kwa miezi. Msomaji wa mbali hakuweza kuifungua hazina ile. Karatasi zenyewe zilikuwa Lamu. Aliyetaka kuziona ilimbidi apande mashua kutoka Mokowe, apite vichochoroni hadi Langoni, abishe hodi, na aulizwe yeye ni nani na ametoka wapi.